MTOTO WA MIAKA MINNE NI MWALIMU WA WATENGENEZAJI WA SIMU

Jua linapokaribia kutua katika Base Camp, kituo kikubwa cha biashara katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, jambo moja laonekana mara kwa mara mbele ya milango ya nyumba. Mama hufungua pindo la kitenge chake, hutoa simu, huitazama kwa muda, kisha humwita mtoto. Mtoto huja mbio, huipokea kwa mikono miwili, na baada ya kubonyeza mara mbili tatu humweleza mama yake ni nani aliyepiga, salio limebaki kiasi gani, au kama fedha zilizotumwa na mjomba zimefika. Mama huyo amevuka mpaka kwa miguu, amejenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, amelea watoto katika taabu ambayo wengi wetu hatuijui. Lakini mbele ya kioo kile kidogo yeye ndiye mwanafunzi, na mwanawe ndiye mwalimu.

Watu wengi huliona jambo hili kuwa la kuchekesha tu. Wengine husema kwamba watoto wa siku hizi wamezaliwa na akili ya mitambo. Ndugu msomaji, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba siri iko mahali pengine. Mtoto hamshindi mama yake kwa akili. Alicho nacho ni namna yake ya kukikabili kitu asichokijua, na namna hiyo, ikitazamwa kwa makini, hufichua makosa ya watu waliotengeneza programu za simu. Makosa hayo si mchezo, kwa maana siku hizi ndani ya simu mna mshahara, mna karo ya shule, na mna sauti ya mume aliye kazini mbali.

KATIKA NYUMBA MOJA MBARARA

Mjini Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020, mwandishi wa makala haya aliketi alasiri moja katika nyumba ya askari ambaye wakati huo alikuwa Somalia. Familia za namna hiyo ni nyingi nchini, kwa kuwa majeshi ya Uganda yamekuwa yakihudumu katika nchi hiyo tangu Machi 2007. Binti wa nyumba hiyo alikuwa na umri wa miaka minne. Hajui kusoma hata herufi moja, lakini anajua kumpigia baba yake na kumwona usoni.

Alifanya hivi. Kwanza hakusoma chochote. Alitafuta picha ya baba mwenye kofia, akaigusa. Pili, kidole gumba cha mkono ulioshika simu kiligusa ukingo wa kioo bila yeye kukusudia, na simu ikafungua kitu kingine kabisa. Hakushtuka. Aligusa alama ya kurudi mwanzo, akaanza upya. Tatu, mtandao ulipochelewa, na kioo kisipoonyesha dalili yoyote kwamba kazi inaendelea, aliigusa picha ya baba mara tano kwa mfululizo, kama mtu agongaye mlango usiofunguliwa. Nne, maandishi ya Kiingereza yalijitokeza na kufunika picha yote. Aliyatazama kidogo, akagusa kitufe kilichokuwa kikubwa kuliko vyote na chenye rangi ya kung'aa, ili tu maandishi yale yaondoke. Hakujua amekubali nini.

Baadaye mama yake alitaka kumtumia dada yake fedha kidogo huko Isingiro. Huyu amesoma, na ni mtu mwenye kujiamini katika mambo yake yote. Hata hivyo kidole chake kilisimama hewani juu ya simu, akauliza, "Nikibonyeza hapa, nikiwa nimekosea namba, zitarudi?" Hakuna kitu juu ya kioo kile kilichomjibu.

Basi hao ni watu wawili mbele ya simu ile ile. Mtoto haogopi, kwa sababu fedha si zake. Mama aogopa, kwa sababu kosa moja laweza kula chakula cha wiki nzima. Mtengenezaji mwenye busara hana budi kujifunza kutoka kwa wote wawili: kwa mtoto ajifunze mahali ambapo mtambo haueleweki, na kwa mama ajifunze gharama ya kutoeleweka huko.

WAZO HILI SI GENI

Mwaka 1967 huko Marekani, Seymour Papert na wenzake walibuni lugha ya kompyuta iliyoitwa Logo, iliyokusudiwa watoto. Papert alikuwa amefanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu mashuhuri wa namna watoto wanavyofikiri, naye aliamini kwamba mtoto hujifunza vema anapotengeneza kitu kwa mikono yake. Mwaka 1972, Alan Kay, aliyekuwa katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, aliandika juu ya kompyuta ndogo ya kubebwa mkononi, nyembamba kama daftari, kwa ajili ya watoto wa rika zote. Wakati huo kompyuta nyingi zilijaa chumba kizima, na watu waliona kwamba Kay anaota ndoto za mchana.

Kay na wenzake, akiwamo bibi Adele Goldberg, waliwaleta watoto wa shule wakatumia kompyuta zao, nao wakawatazama. Fikira iliyowaongoza ni kwamba mwanadamu hujua kwanza kwa mkono, kisha kwa jicho, na mwisho kwa ishara kama vile herufi na hesabu. Picha na vidirisha tunavyoviona leo katika kompyuta na simu vina asili yake, kwa sehemu kubwa, katika maabara ile. Hivyo basi, si kwamba mtoto amejipenyeza katika mtambo wa watu wazima. Sehemu ya mtambo huo ilibuniwa tangu mwanzo kwa kumfikiria yeye.

Miaka ya 1990 ilipokuwa ikiisha, bibi Allison Druin wa Chuo Kikuu cha Maryland alikwenda mbele zaidi. Alikataa mtoto awe mtu wa kujaribishiwa kitu kilichokwisha tengenezwa. Katika andiko lake la mwaka 2002 alizitaja nafasi nne ambazo mtoto aweza kuwa nazo: mtumiaji anayetazamwa, mjaribu, mtoa habari, na mwisho mbunifu mwenzi anayeketi na wakubwa tangu siku ya kwanza ya kazi.

MTIHANI WA TANGA

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa mkoa wa Tanga, nchini Tanzania. Mwaka 2014 shirika la Marekani liitwalo XPRIZE lilitangaza shindano la dola milioni 15 kwa watakaotengeneza programu ambayo mtoto aweza kuitumia peke yake kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu katika muda wa miezi 15. Timu tano zilifika fainali, kila moja ikipata dola milioni moja. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, vishikwambi vyenye programu za Kiswahili vilipelekwa katika vijiji vipatavyo 170. Watoto wapatao 2,700 walishiriki, na vituo vya kuchaji kwa nguvu za jua viliwekwa vijijini.

Fikiri, ndugu msomaji, ugumu wa kazi hiyo. Kwa mujibu wa waandaaji, asilimia 74 ya watoto hao ilielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mtengenezaji aliyezoea kuandika "bonyeza hapa ili kuendelea" alijikuta hana lugha. Hakuweza kuandika maelezo, kwa kuwa hakuna wa kuyasoma. Hakuweza kumtegemea mwalimu, kwa kuwa mwalimu hayupo. Ilibidi kila kitu kijieleze chenyewe kwa picha, kwa sauti na kwa mwendo.

Tarehe 15 Mei 2019 washindi walitangazwa: Kitkit School na onebillion waligawana tuzo kuu ya dola milioni 10. Idadi ya watoto wasioweza kusoma kabisa ilikuwa imepungua kwa nusu. Programu za timu zote tano zilitolewa bure ili yeyote apendaye azitumie na kuziendeleza. Matokeo hayo tusiyatie chumvi. Nusu nyingine bado ilihitaji msaada, na kishikwambi hakimfuti mtoto machozi wala hakimkanyi anapokosea adabu. Mwalimu hana mbadala. Lakini Tanga ilithibitisha kwamba mtambo waweza kueleweka na mtu asiyejua kusoma, iwapo watengenezaji wake wameazimia hivyo. Basi tunapoona mama wa Nakivale ameshindwa na simu yake, tusikimbilie kusema kwamba mama ni mjinga. Tuulize ni nani hakuazimia.

MASOMO MATANO

Kutokana na hayo yote, mtoto mdogo anatufundisha masomo matano.

La kwanza ni kwamba kitu chema hujionyesha kabla ya kujieleza. Mtoto haanzi na maelezo. Anaanza na kugusa. Mlango mzuri hauhitaji kibao cha kueleza jinsi ya kuufungua. Tena picha zenyewe zapasa kuwa za dunia ya mtumiaji. Programu nyingi hutumia alama ya kisahani cha kuhifadhia kumbukumbu, kitu ambacho vijana hawajakiona kamwe, au mkono wa simu ya mezani, ambayo nyumba nyingi za vijijini hazikuwahi kuwa nayo. Mtoto akiulizwa "Hii ni nini?" atasema kweli aonayo, na jibu lake litamwaibisha mchoraji.

La pili ni juu ya vidole. Kidole cha mtoto hakitulii, na kiganja chake hulala juu ya kioo. Lakini tazama pia kidole cha mkulima kilichopasuka kwa jembe, cha mama aliyetoka kufua, au cha askari aliye lindoni usiku wa baridi. Mwongozo wa Google kwa watengenezaji wa programu za Android washauri kwamba sehemu ya kuguswa iwe na upana wa milimita 9 hivi. Wako wanaoupuuza, wakabananisha vitufe kama abiria wa teksi iendayo Isingiro siku ya soko. Kitufe kinachomfaa mtoto humfaa kila mtu.

La tatu ni jibu la papo hapo. Yule binti wa Mbarara aliyegusa mara tano hakuwa mtukutu. Alikuwa anauliza, "Umenisikia?" Simu isipojibu, hata mtu mzima hubonyeza tena. Katika mchezo hilo halina madhara, bali katika kutuma fedha laweza kuleta malipo mawili. Alama ndogo tu ya kuonyesha kwamba ombi limepokewa yatosha kuzuia hasara hiyo.

La nne ni njia ya kurudi nyumbani. Mtoto huthubutu kwa sababu amejua kwamba, apotee vipi, iko alama moja ya kumrudisha mwanzo. Mpe mtu mzima uhakika huo huo, yaani mahali pa kusema "La, sikukusudia," naye atathubutu. Ujasiri si karama ya utoto tu. Ni tunda la usalama.

La tano, na pengine kubwa kuliko yote, ni ukweli. Mgeni akifika Nakivale na gari la shirika, akamwonyesha mama programu mpya na kumwuliza kama ni nzuri, mama atajibu kwamba ni nzuri sana, nasi tunajua kwa nini. Ni adabu zetu kutomvunja moyo mgeni. Tena anayeishi kwa msaada huchagua maneno mbele ya watoao msaada. Mtoto wa miaka minne hana siasa hiyo. Kitu kikimchosha, hukiweka chini na kwenda kucheza. Mbunifu na aache kuuliza ulimi, atazame mikono.

WATUMIAJI HUTENGENEZA NJIA

Sisi Waganda tumewahi kuwafundisha wabunifu wa dunia. Mwaka 2006, mtafiti Jan Chipchase wa kampuni ya Nokia alizunguka nchini akitazama jinsi watu wanavyogawana simu. Alikuta mtu aliyeko Kampala hununua vocha, kisha badala ya kuiweka katika simu yake humsomea namba zake mwenye simu ya kijijini. Mwenye simu hubaki na muda wa maongezi, akampa jamaa wa yule mtu fedha taslimu baada ya kukata fungu lake. Hakuna kampuni iliyowafundisha watu jambo hilo. Ndipo baadaye, mwezi Machi 2007, M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya, na mwaka 2009 MTN ikaleta huduma ya namna hiyo Uganda.

Somo hilo latugusa hasa Nakivale. Simu imetengenezwa kana kwamba kila simu ina mwenyewe mmoja, aketiye peke yake. Katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo hutumiwa na baba, mama, watoto na pengine jirani. Watoto wenyewe hawajifunzi mmoja mmoja. Huizunguka simu watatu wanne, mmoja akigusa, wenzake wakimwelekeza. Mbunifu asiyeyajua maisha hayo hutengeneza chumba kisicho na mlango: aliyeshika simu huona kila kitu.

SI KILA KITU KIWE CHEPESI

Hapa pana onyo. Jambo ambalo mtoto hulifanya kwa urahisi si lazima liwe jema. Mwezi Januari 2014, kampuni ya Apple ilikubali kurudisha dola milioni 32.5 au zaidi kwa wateja wa Marekani, baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo kuishtaki kwa kuwatoza wazazi fedha za vitu vilivyonunuliwa na watoto ndani ya michezo ya simu bila idhini yao. Mwezi Septemba mwaka huo huo Google nayo ilikubali kurudisha dola milioni 19 au zaidi kwa sababu kama hizo. Mbunifu aliyejua kumvuta mtoto alijua pia mahali pa kuweka kitufe cha kulipia.

Kwa hiyo njia ya kumpigia baba iwe pana kama barabara kuu. Njia ya kutoa fedha iwe na lango na mlinzi, naye mlinzi aseme lugha inayoeleweka. Mama wa Nakivale anayempa mtoto wa jirani namba yake ya siri ili amsomee maneno ya Kiingereza juu ya kioo hatupi mali yake kwa uzembe. Hana njia nyingine. Namba ya siri isiyoweza kutumiwa na mwenyewe peke yake si siri tena.

Na hapo ndipo lugha inapoingia. Nakivale, iliyotambuliwa rasmi mwaka 1960 ili kuwahifadhi wakimbizi wa Rwanda, leo ina watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Kiswahili kimekuwa daraja kati yao na wenyeji, kama kilivyo daraja katika jeshi na polisi. Katiba yetu, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, yakitaja Kiswahili kuwa lugha ya pili ya taifa iliyo rasmi, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule. Simu inayomwambia mama kwa sauti ya Kiswahili, "Unatuma shilingi elfu ishirini kwa fulani, je, ndivyo?" haihitaji mtoto wa jirani.

LA KUFANYA

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, hufundisha pia elimu ya kompyuta. Kati yake na Nakivale si mbali. Kijana anayesoma huko hahitaji mtambo wa thamani ili kuanza. Achore vioo vya programu yake juu ya karatasi, aende aketi mkekani na watoto na mama zao, awaache waguse karatasi kwa vidole, naye anyamaze. Kila mahali kidole kinaposita, aweke alama. Jioni atakuwa amejifunza mengi.

Nasi wazazi tunao wajibu wetu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiachwe akitazama vioo, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Fedha ziwe nyuma ya namba ambayo mtoto haijui, na tuibadilishe tukihisi imeonekana. Tusimpe mtoto simu ili anyamaze, kwa maana mchelea mwana kulia hulia yeye. Tuketi naye, tumwulize, "Umejuaje?" Atakapotueleza, tujifunze, ili kesho tusimhitaji yeye kusoma siri zetu.

Siku ile Mbarara, mtandao hatimaye ulirejea na uso wa baba ukatokea. Binti aliinua simu juu kwa mikono miwili ili baba auone mti wa mwembe uani, na kidole gumba chake kikagusa ukingo wa kioo. Baba akatoweka. Mama alishusha pumzi, lakini mtoto alikuwa amekwisha anza tena kuitafuta ile picha yenye kofia. Mahali fulani duniani yuko mtu aliyekiweka kitufe kile pale ukingoni. Laiti angalikuwapo uani siku ile, angalikiondoa kabla jua halijatua.